Akasha: Watoto waliorithi biashara ya unga

KATIKA familia nyingi mtoto hurithi duka, shamba au chombo cha kuvulia. Kwa Ibrahim Akasha wa Mombasa, kilichorithiwa kilikuwa biashara ya dawa za kulevya.

Akasha, aliyetajwa kwa miaka mingi kuwa kinara wa biashara hiyo Afrika Mashariki, aliuawa kwa risasi mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2000. Miaka miwili baadaye, mwanawe Kamaldin naye aliuawa kwa risasi Mombasa.

Misiba hiyo miwili haikuwatisha ndugu. Baktash na mdogo wake Ibrahim waliendelea, hadi Novemba 2014 walipokamatwa Mombasa. Watu waliodhani ni wanunuzi walikuwa wametumwa na maofisa wa Marekani, na walikabidhiwa kilo 99 za heroini. Januari 2017 walipelekwa New York, na mwaka 2018 wakakiri makosa. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim miaka 23.

Mzazi wa Temeke au Kinondoni anaweza kusema hayo ni ya Mombasa. Lakini heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi hadi pwani yote hii, Tanzania ikiwamo. Nyingine huendelea Ulaya. Nyingine hubaki, hupimwa kwa kete na kuuzwa vijiweni.

Huko ndiko gharama inakolipwa na familia ambazo hazijawahi kuona faida yake. Sufuria inapotea jikoni, kisha simu, kisha mtungi wa gesi. Baba anamfukuza kijana, mama anamfungulia mlango usiku.

Dalili zipo. Aliyetumia husinzia ovyo hata akiwa anaongea, mboni za macho huwa ndogo sana, na hujikuna mara kwa mara. Akikosa, arosto humshika: miayo, kamasi, jasho, maumivu ya viungo na kuharisha. Wazazi wengi hudhani ni malaria.

Uraibu ni ugonjwa, na kipigo hakiutibu. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadone, dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na hamu ya unga, hivyo kijana hupata nafasi ya kurudi kazini na nyumbani. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala na Temeke, na haitozwi fedha. Matibabu huchukua muda mrefu, na anayekatiza njiani mara nyingi hurudia unga.

Usimfungie ndani ukitumaini ataacha mwenyewe. Aliyeacha kwa siku kadhaa akirudia kiasi kilekile cha zamani anaweza kuzidiwa na kufa, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu. Mpeleke kliniki mapema, na ukiweza, nenda naye.

Na fedha zikianza kuingia nyumbani bila kazi inayojulikana, uliza zimetoka wapi. Mtoto hujifunza kwa kile ambacho nyumba yao inakubali kukinyamazia.