Usitupe! Dumu, gunia na tairi bado vina kazi

Hali ngumu, wapenzi wasomaji! Kodi ya chumba inapanda, mshahara umekaa pale pale, na ukiingia dukani kutafuta vya kupambia geto unatoka umenuna. Basi leo mwenzenu nakuja na dawa, na wala haina gharama: acha kwanza kutupa vitu.

Mimi ni mtoto wa Kimuli, wilayani Kyerwa, ambako mpaka 2012 tulikuwa tukihesabiwa Karagwe. Kwetu ni migomba, kahawa na maharage, na kitu hakitupwi kabla ya kufanya kazi ya pili. Kopo linakuwa koroboi, tairi linakuwa katambuga, kanga iliyochoka inakuwa nepi, halafu dekio. Nyie wa mjini chekeni, lakini haya matatu yajaribuni wikiendi hii.

KIBUYU CHIRIZI
Hiki ni cha wapangaji mnaochangia choo. Chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kula, lioshe kwa maji ya moto na sabuni. Choma msumari, toboa tundu dogo ubavuni, chini kidogo ya kifuniko. Pitisha mti kwenye mkono wa dumu, uulaze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji mpaka karibu na tundu. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Sabuni itoboe, itundike pembeni. Mtindo huu ulianzia Zimbabwe miaka ya 1980, tena kwa vibuyu hasa, kama vile vyetu vya rubisi.

GUNIA LA MBOGA
Huna shamba? Una gunia. Changanya udongo na samadi iliyooza. Tafuta kopo kubwa, likate kitako, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, kisha vuta kopo juu, ujaze tena. Fanya hivyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda mchicha au sukuma wiki. Mwagilia kwa maji uliyooshea mchele. Mboga ya jioni unachuma mlangoni!

KIGODA CHA TAIRI
Kata plaiwudi mbili za duara, moja juu ya tairi, moja chini, kaza kwa skrubu. Zungushia kamba ya katani kwa gundi. Mgeni akija anakaa kama mheshimiwa. Ila tairi usiliache nje. Mvua ikituama ndani, mbu wa dengue kapata chumba bila kodi. Dar es Salaam inaujua ugonjwa huo kupitia milipuko kama ya 2014 na 2019. Si mchezo!

SASA NISIKILIZENI
Si kila dumu ni rafiki. Kwetu kahawa na nyanya hupigwa dawa ya wadudu. Dawa ikiisha, dumu linabaki zuri, lina kifuniko kinachobana, na mtu anatamani kutilia maji ya kunywa au maziwa ya mtoto. Hapana, waitu! Sumu inaingia kwenye plastiki yenyewe, na sabuni haiitoi yote. Wataalamu wanasema lisuuzwe mara 3, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia dawa, kisha dumu litobolewe ili asije mtu akalitumia.

Nanyi wa mjini msijione mmepona. Madumu yaliyotumika yanauzwa sokoni kila siku, na yakishaoshwa yote yanafanana. Usinunue kwa macho. Uliza lilibeba nini, fungua, nusa. Halina harufu? Hiyo bado siyo leseni. Muuzaji akianza kumung'unya maneno, shika njia yako, hata kama bei ni ya kutupa. Ukikosa dumu la uhakika, tumia lile la mafuta ya kupikia uliyomaliza mwenyewe.

Kwa ufupi, dumu ni kama mchumba: kabla hujaliingiza ndani, ujue lilikotoka. Kazi kwenu!