Sungura Mchanga Aliyekonda: Pesa Ianzie Wapi?

Umenunua mtoto wa sungura Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma. Ukipitisha kidole mgongoni unagusa mifupa mitupu, huku tumbo limetuna. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua chakula. Lakini kukonda kuna sababu nyingi, na ukikosea sababu, hata chakula cha bei kubwa kitapotea bure.

Mizani
Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia dagaa, imetengenezwa kwa kilo nyingi. Gramu mia moja hazionekani. Azima au nunua mizani ndogo ya jikoni. Mtoto anayelishwa majani vizuri huongezeka takribani gramu 10 hadi 20 kwa siku. Mpime mara mbili kwa wiki, saa ile ile. Uzito usipopanda ndani ya wiki moja, tatizo huenda si njaa tu.

Dawa
Angalia kinyesi. Vigololi vikavu ni dalili njema. Kile laini kama kishada, anachokula mwenyewe, ni kawaida yake. Uharo pamoja na tumbo lililojaa vinatia shaka ya koksidiosisi, ugonjwa unaoua watoto wengi baada ya kuachishwa kunyonya. Amprolium, dawa ya ugonjwa huu, huuzwa zaidi kwa wafugaji wa kuku. Kwa mnyama mmoja, pakiti ndogo inatosha, na kipimo akupe afisa mifugo wa kata. Usimnyweshe amoksisilini iliyobaki nyumbani: ikinywewa huvuruga vijidudu vya tumbo la sungura na inaweza kumuua.

Chakula: bure, nafuu au ghali?
*Nyasi na majani.* Ukoka, matembele na mchicha hugharimu muda zaidi ya fedha. Yaliyolowa umande au mvua yaanike kwanza yanyauke. Epuka majani ya mihogo mabichi, ya nyanya na ya parachichi. Mboga mpya mwanzishie kidogo kidogo. Nyasi ndizo ziwe sehemu kubwa ya mlo.

*Pumba ya mahindi.* Bei yake ni nafuu, ila ina wanga mwingi na protini kidogo. Ikizidi humvimbisha tumbo. Ikinuka uvundo, itupe, maana sumukuvu haiondoki kwa kuanikwa.

*Peleti za sungura.* Ndizo chakula kamili kuliko vyote, zenye protini ya asilimia 15 hadi 18 na nyuzi za kutosha. Zikitoka Dar es Salaam zimesafiri zaidi ya kilomita 1,200, na nauli ya safari hiyo imo ndani ya bei. Mtoto wa kilo moja anayekula gramu 50 kwa siku, pamoja na nyasi, humaliza kilo moja na nusu kwa mwezi. Mfuko wa kilo 50 ungemchukua miezi 33, na ungeharibika kabla ya kwisha. Nunua kwa kilo, au gawaneni mfuko na majirani. Chakula cha kuku si mbadala: hakina nyuzi za kutosha, na baadhi ya dawa zinazochanganywa humo ni sumu kwa sungura.

Maziwa ya ng'ombe usimpe. Mara nyingi huleta kuhara.

Banda
Sakafu ya waya au fito, iliyoinuliwa ili mkojo na kinyesi vianguke chini, husaidia kuzuia koksidiosisi kwa gharama ya mara moja. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Mei, hivyo paa lisivuje.

Uamuzi
Ukiwa na fedha kidogo, anza na mizani ya kuazima, kinyesi kikaguliwe, kisha nyasi kavu na maji safi. Peleti zifuate, gramu chache kila siku. Kama bado hujanunua, chagua wa wiki 8 badala ya wa wiki 4, hata kama bei imepanda kidogo: ameshazoea majani, na nyongeza hiyo huenda ikawa ndogo kuliko gharama ya dawa.