Je, Wajua? Lori Bila Upepo Halitembei

Magurudumu ya nyuma ya lori kubwa lililoegeshwa hubanwa na springi, na upepo ndio unaoyaachia. Wazo kwamba upepo ukipotea breki zishike lilianza kwenye treni za Marekani: George Westinghouse alilibuni mwaka 1872.

Upepo huo husukumwa na kompresa inayoendeshwa na injini, kwa mgandamizo wa takriban bar 8, zaidi ya mara tatu ya tairi la gari dogo. Ukifungua koki chini ya mtungi wa kuhifadhi upepo, maji kidogo si ajabu kwa malori ya Bagamoyo, Zinga au Mapinga: hewa ya pwani ina unyevu. Oili nyingi ndiyo balaa. Aghalabu ringi za pistoni za kompresa zimekwisha.

Kabla ya kuifungua kompresa, fundi makini huweka vizuizi kwenye matairi, humwaga upepo wote hadi geji isome sifuri, kisha huchora alama kwenye hedi, silinda na kasha ili virudi vilivyokaa. Bomba linalopeleka upepo kwenye mtungi husahaulika sana, nalo huziba kwa masizi ya oili. Lisiposafishwa, kompresa iliyofufuliwa itaungua tena.