Kuteremka Ziwani Ujiji na Kigoma

Mgeni aendaye Ujiji huonyeshwa kwanza miembe. Ni mahali ambapo mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta Daktari Livingstone, baada ya kumtafuta kwa miezi mingi. Mwembe wa zamani umekwisha kufa, na hiyo iliyopo sasa ni uzao wake. Mgeni akiisha kuitazama nguzo ya ukumbusho, huuliza, "Ziwa li wapi?" Maana amesoma kwamba Ujiji ulikuwa bandari, na mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Basi huonyeshwa njia, naye hutembea mamia ya hatua katika mteremko mdogo sana mpaka afike mchangani, penye mitumbwi na dagaa walioanikwa. Zamani zile maji yalikuwa karibu zaidi. Leo twataka kueleza kwa nini ufuo ule umehama.

Ziwa Tanganyika ni kama bakuli refu. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake kikubwa mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu lililo na kina kuupita huo. Maji huingia kwa mvua na kwa mito, kama Malagarasi na Ruzizi. Mwaka ule wa 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini, wapate kujua kama Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Wakaona kwamba huingia. Basi, maji yatokea wapi?

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliukuta mlango wenyewe upande wa magharibi, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie sasa. Ni mto Lukuga, uendao kuungana na maji ya Kongo. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na matete na takataka. Bakuli lililozibwa hujaa: Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliona miti iliyokuwa katika uwanja wa soko imesimama ndani ya maji. Hata mwaka 1878 maji yakaupita ukingo, yakaisukuma ile takataka, na mto ukaanza kwenda kwa nguvu. Katika miaka ipatayo 15 iliyofuata ziwa lilishuka mita zipatazo 10.

Labda msomaji atasema, mita 10 ni nini katika kina cha mita 1,470? Kwa ziwa si kitu. Kwa mwanadamu hutegemea mteremko wa pwani yake, na hesabu yake ni nyepesi.

Twende kwanza kwenye miamba ya kusini ya mji wa Kigoma. Huko pwani ni kali, na mtu hushuka kwa ngazi mpaka kwenye mchanga mweupe ulio katikati ya mawe, na maji maangavu yaonyeshayo samaki wa rangi nyingi. Tuseme kila kipandio cha ngazi kina sentimita 20. Ziwa likishuka mita 10, wewe utaongeza vipandio 50 tu. Sasa turudi kwenye pwani iliyo kama mkeka. Tuseme kwamba kila ukitembea mita 50 ardhi hupanda mita 1. Ziwa likishuka mita 10 zile zile, mchanga mpya utakuwa na upana wa mita 500. Mteremko halisi wa kila mahali una kipimo chake, lakini kanuni ni hiyo.

Ndiyo sababu moja Kigoma na Ujiji hazikupata bahati sawa. Ujiji iko wazi kwa upepo, na maji ya pwani yake ni mafupi. Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, ilifika Kigoma, na meli zikakaa huko.

Lakini ziwa halishuki tu. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 lilipanda, likafika kimo kikubwa mwaka 1964. Tena katika miaka ya karibuni, hasa mpaka mwaka 2024, lilipanda hata likaingia katika nyumba za watu Burundi, Kongo na Tanzania. Wengi walikuwa wamejenga juu ya mchanga ambao ziwa lilikuwa limeuacha.

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hiyo ni kinga njema. Hata hivyo, pigeni hesabu yetu tena: penye mteremko mdogo kama ule tuliousema, mita 60 za kutembea ni kupanda mita 1 na sentimita 20 tu. Kwa hiyo atakaye kujenga asiupime umbali peke yake, bali apime na kimo. Na kabla ya kuchimba msingi, awaulize wazee waliokuwapo mwaka 1964 maji yalifika mti gani, akajenge juu ya hapo.