Muziki wa Misa ya Ndoa: Kutoka Altareni Kwenda Mlangoni (Sehemu ya Pili)

Kwaya zinazojiita kwa jina la Mtakatifu Sesilia ni nyingi katika majimbo yetu, na picha yake, akiwa ameketi mbele ya kinanda, hutundikwa katika vyumba vingi vya mazoezi. Lakini si waimbaji wengi wanaojua kuwa cheo cha kuwa msimamizi wa wanamuziki alikipata kwa sababu ya arusi. Masimulizi ya kale ya Kirumi, yaliyoandikwa yapata karne ya 5, husema kwamba siku alipoozwa kwa kijana Valeriani, huku ala za shangwe zikilia, yeye alikuwa akimwimbia Mungu wake kimya moyoni. Naye Papa Pio wa 10, alipokusudia kuutakasa muziki wa Kanisa na madoido ya majumba ya tamthilia, aliitia hati yake tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Sesilia. Basi tangu kale arusi imekuwa na miziki miwili, mmoja wa karamu na mmoja wa ibada, na taabu kubwa ya siku zetu ni kwamba ule wa kwanza umeanza kukalia kiti cha wa pili.

Katika sehemu ya kwanza nilieleza mpangilio wa Misa ya Ndoa, tangu mapokezi ya wachumba mlangoni hata baraka ya mwisho. Leo nafika penye kazi yenyewe ya kuchagua. Wachumba wanapomwendea mwalimu wa kwaya, aghalabu wakifuatana na wajumbe wawili watatu wa kamati ya arusi, swali lao la kwanza huwa ni hili: tutaingia kwa wimbo gani? Miaka mingi nimekaa mbele ya kinanda cha kanisa, na swali hilo nalijua kabla halijatamkwa. Nami huwajibu kwa upole kwamba wimbo wa kuingia tutauchagua mwisho, kwa kuwa anayeanza kuchagua mlangoni hufika altareni akiba yake imekwisha, nyimbo nzuri zote amezitumia juu ya shela na zulia, na yale ambayo Kanisa limeyaweka kuwa kiini yakapewa makombo.

Kiini chenyewe ni ridhaa. Kwa mafundisho ya Kanisa la Roma, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bwana arusi na bibi arusi wenyewe, na padre au shemasi huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Hapo kinanda na kinyamaze. Imeingia desturi ya kupiga sauti nyororo chini chini maarusi wanapotamka ahadi zao, kana kwamba maneno ya mtu kujifunga kwa mwenziwe hadi kifo yana upungufu unaohitaji kutiwa chumvi. Nami naiona desturi hiyo kuwa ni kosa, kwani humzuilia bibi mzee aliyeketi benchi la nyuma, ambaye pengine amesafiri usiku kucha, asiyasikie maneno yale aliyoyafuata. Ridhaa ikisha kupokewa, kwa mujibu wa toleo la 1991 la kitabu cha ibada ya ndoa, padre huwaalika watu kumhimidi Bwana nao humwitikia kwa shukrani. Na pete zikisha kuvikwa, jamii yote yaweza kuimba utenzi wa sifa. Wimbo huu ndio ninaouchagua kwanza, na sharti langu ni moja, uwe ni wimbo ambao kanisa zima linaujua bila kufunua kitabu. Ama vigelegele vya mashangazi mara baada ya ridhaa, sijapata kumwona mtunzi aliyeandika kitu kinachofaa zaidi mahali pale.

Pili huja zaburi, na hakuna sehemu inayodhulumiwa kuliko hii. Zaburi ni Neno la Mungu lenyewe, jibu la watu kwa somo walilolisikia, wala haifai kuondolewa ili kupisha wimbo wa mapenzi mema ya vijana, hata ungekuwa mtamu namna gani. Kitabu cha ibada kinatoa zaburi kadhaa za kuchagua, na mashuhuri kuliko zote ni ile ya 128, ambayo katika Misa ya ndoa ya Kilatini ya zamani ilisikika zaidi ya mara moja: zaburi ya mtu anayekula jasho la mikono yake, mkewe akifananishwa na mzabibu wenye kuzaa na wanawe na miche ya mizeituni iliyoizunguka meza. Wasomaji wa Dodoma wanaujua mzabibu kwa macho yao, na wataelewa ni neema gani inayosemwa pale. Basi atafutwe mwimbaji mmoja mwenye matamshi safi, asiye na haja ya kuonyesha ukubwa wa sauti yake, na kiitikio kiwe kifupi hata mgeni wa dini nyingine aweze kukishika mara ya pili.

Najua msomaji anausubiri wimbo wa kuingia. Sauti ile ambayo kila mpiga kinanda huombwa, na ambayo hata watoto wanaijua, imetoka katika opera ya Richard Wagner iitwayo Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 28 Agosti 1850 chini ya uongozi wa Franz Liszt. Katika opera hiyo haiimbwi watu wakienda kanisani. Huimbwa baada ya ndoa kufungwa, maarusi wakisindikizwa chumbani mwao, na muda si muda bibi arusi Elsa anamwuliza mumewe swali alilokatazwa, mume analazimika kumwacha, naye Elsa anakufa. Ile nyingine inayoombwa wakati wa kutoka ni ya Felix Mendelssohn, aliyeitunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare uitwao A Midsummer Night's Dream, wenye viumbe wa kichawi wa msituni na malkia wao aliyerogwa akampenda mtu mwenye kichwa cha punda. Zote mbili zilipata umaarufu wa arusi baada ya kupigwa mjini London tarehe 25 Januari 1858, binti wa Malkia Victoria alipoolewa na kijana wa ukoo wa kifalme wa Prussia. Tangu hapo zikaenea duniani, hata zikatufikia sisi zikiwa zimevaa kanzu ya utakatifu ambayo hazikushonewa. Wagner na Mendelssohn walikuwa mafundi wakubwa, nami sina neno na ufundi wao. Lakini sauti iliyotungwa kuwasindikiza watu chumbani, kwa haki gani itangulie msalaba kwenda altareni?

Kadhalika Ave Maria ya Franz Schubert, ambayo wengi hudhani ni sala, ilitungwa mwaka 1825 juu ya shairi la Walter Scott, ambamo msichana Ellen anamlilia Bikira Maria akiwa mafichoni na babaye. Maneno ya Kilatini ya Salamu Maria yalitiwa baadaye. Ile ya Charles Gounod, iliyojengwa juu ya muziki wa Bach, ndiyo inayobeba maneno ya sala tangu mwaka 1859, na maarusi wanaopenda kupeleka maua mbele ya sanamu ya Mama Maria baada ya komunyo wataona inawafaa.

Matoleo hayataki maneno mengi. Niliwahi kuongoza kwaya katika arusi moja, tukaimba beti sita zote za wimbo tulioupenda, na padre, aliyekwisha kuandaa mkate na divai, akasimama mikono kifuani akitungoja hadi nikaona haya. Tangu siku ile huhesabu beti kwa kutazama altare. Ndoa ikifungwa katika Kwaresima, Aleluya haiimbwi, na kinanda, ila kwa siku chache zilizotengwa, hupigwa kwa kuutegemeza uimbaji tu, jambo ambalo heri maarusi waambiwe miezi kabla.

Yuko atakayeuliza: je, sisi hatuna chetu? Tunacho, na tulikuwa nacho kabla ya kuruhusiwa kwa maandishi. Mwaka 1958, Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa bado, Padre Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina, huko Katanga ambako Kiswahili husemwa, walirekodi Missa Luba, maneno ya Kilatini yakiimbwa kwa sauti na ngoma za Kikongo. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso ukatangaza hati ya liturujia, ikiuweka uimbaji wa Kigregori mahali pa heshima na papo hapo ikitaka muziki wa asili wa mataifa uthaminiwe na kupewa nafasi katika ibada. Kwa hiyo kayamba na ngoma vina haki kanisani, maadamu vinabeba maneno ya imani na havimzidi sauti anayeimba.

Sasa ndipo tunapofika mlangoni. Kwa utaratibu wa kitabu, padre na wahudumu hutangulia, maarusi wakaingia pamoja, pengine na wazazi na mashahidi wao. Basi uchaguliwe wimbo wa mwanzo ambao watu wote wanaujua, uimbwe tangu msalaba ulipovuka kizingiti hata bibi arusi atakapofika mahali pake, naye akiwa mmoja wa waimbaji. Kutoka ni kwepesi zaidi, kwa kuwa Misa imekwisha na watu wamepewa ruhusa ya kwenda. Hapo Mendelssohn akipigwa sitashindana na mtu, ingawa mimi mwenyewe huwaachia wapiga ngoma, nikakifunika kinanda, nikasimama dirishani kuwatazama maarusi wakishuka ngazi katikati ya vigelegele.

(Itaendelea)