Picha ya zebra iliyotaka kuharibu matembezi ya familia

Ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Baba wa watoto wawili kutoka Dar es Salaam alikuwa katikati ya barabara jijini London, akimfokea binti yake wa miaka saba. Upande mmoja basi jekundu limesimama, upande wa pili teksi inapiga honi. Binti analia. Kaka yake wa miaka 14 amesharudi pembeni na kuinamia simu, kama mtu asiyewajua.

Kisa ni picha.

Barabara hiyo ni Abbey Road. Agosti 8, 1969, bendi ya The Beatles ilivuka zebra iliyo karibu na studio walikokuwa wakirekodi, na mpiga picha Iain Macmillan akawapiga akiwa juu ya ngazi katikati ya barabara. Askari alizuia magari kwa takriban dakika 10. Zilipigwa picha sita tu na ya tano ikawa jalada la albamu yao, Abbey Road. Tangu hapo wageni kutoka kila pembe ya dunia hufika kuvuka kama wao, na mwaka 2010 zebra hiyo iliwekwa katika orodha ya urithi unaolindwa na serikali ya Uingereza.

Kwa baba huyu, jalada hilo lilikuwa sehemu ya nyumbani. Santuri hiyo ilikaa miaka mingi sebuleni kwa baba yake, Tanga. Mzee sasa ana umri mkubwa na miguu haimruhusu kusafiri. Kabla familia haijaondoka kwenda kumtembelea shangazi wa watoto anayeishi London, aliomba kitu kimoja tu: wampelekee picha yao wakivuka pale.

Siku ilianza vibaya. Walitafuta "Abbey Road" kwenye simu, wakapanda treni hadi kituo chenye jina hilo. Kumbe kituo hicho kiko mashariki ya jiji, mbali kabisa na studio, na mashabiki wengi wamewahi kukosea hivyo. Kituo sahihi ni St John's Wood, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Hadi wanafika, watoto walikuwa na njaa na baba alishapoteza subira.

Naye alitaka kila kitu kiwe kama kwenye jalada. Yeye atangulie mahali pa John Lennon, mama afuate, binti awe wa tatu kama Paul McCartney, na kijana awe wa mwisho. Alimtaka hata binti avue viatu, kwa kuwa Paul alivuka pekupeku. Mama akakataa: "Lami hii ina vipande vya chupa, mtoto havui kitu."

Wakavuka mara nne. Kila mara baba aligeuka katikati kupanga miguu ya watoto, na magari yakasubiri. Barabara hiyo haifungwi kwa ajili ya wageni. Ni njia ya kawaida ya mabasi na watu wanaokwenda kazini. Dereva analazimika kumpisha aliyeshaingia kwenye zebra, lakini zebra si mahali pa kusimama. Mara ya tano honi ilipolia, binti akashtuka na kuganda. Ndipo baba akafoka.

"Baba, inatosha," mama akasema kwa sauti ya chini. Akamshika binti mkono, wakarudi pembeni.

Walikaa kando ya ukuta wa studio, ule ambao wageni huuandika majina yao. Shangazi akatoa mikate na maji. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha binti akauliza: "Babu atakasirika nikikosea miguu?"

Swali hilo lilimrudisha baba. Akamwomba binti yake msamaha palepale, mbele ya wote.

Kijana ndiye aliyeleta ufumbuzi. "Baba, tuvuke tu kama watu wanaokwenda zao. Shangazi achukue video kutoka pembeni, halafu tutachagua picha humo." Mama akaongeza masharti: kutazama kulia, kushoto na kulia tena kama nyumbani, kuvuka mara mbili tu, na asiwepo wa kusimama katikati.

Walivuka mara moja ikatosha. Katika picha waliyochagua, baba ameinua kichwa, mama anatabasamu na kijana, kwa mara ya kwanza siku ile, anacheka. Binti ana viatu vyake vya rangi ya waridi, na mguu wake wa kulia uko mbele wakati wenzake wote wametanguliza wa kushoto.

Kwa mzazi anayepanga picha ya namna hii, iwe London au kwenye mnara wa saa wa mjini kwao, yapo ya kuzingatia. Watoto wale kwanza. Hakikisha njia kabla ya kutoka. Panga nani asimame wapi mkiwa pembeni, kamwe si barabarani. Mpiga picha naye akae pembeni. Macmillan alikuwa na askari, wewe huna. Na amueni mapema mtajaribu mara ngapi, ili matembezi yasigeuke kazi.

Jioni ile picha ilitumwa Tanga kwa WhatsApp. Baba akatanguliza maelezo kwamba binti amekosea hatua, azisamehe.

Jibu la babu lilikuja kwa sauti: "Nani kakosea? Nimelitazama jalada lile miaka yote hii. Hata Paul katanguliza mguu wa kulia, wenzake wa kushoto. Mjukuu wangu ndiye pekee aliyepatia."

Binti alitaka irudiwe mara tatu kabla ya kwenda kulala.