Wanagenzi na Mabano

Mwaka 2009, katika mji wa San Francisco, Sarah Mei na Sarah Allen walianzisha RailsBridge, warsha za bure za kuwafundisha wanawake kutunga programu za kompyuta, kwa kuwa wanawake walikuwa wachache mno katika mikutano ya mafundi wa kazi hiyo. Na kwa kuiga mfano huo ikazaliwa ClojureBridge, ambayo warsha yake ya kwanza ilifanyika Durham, North Carolina, mwaka 2014, kwa azma ya kuwakaribisha wale ambao ilimu hii aghalabu huwapita kando.

Sehemu ya warsha hizi niistahiyo kuliko zote si darasa la Jumamosi, bali ni jioni ya Ijumaa inayolitangulia, ambapo wanagenzi huja na kompyuta zao, wakasaidiwa mmoja mmoja kuingiza programu zinazohitajika, hata pasiwe na mtu atakayeamkia darasani na chombo kisichofanya kazi. Naamini kwamba wengi walioiacha kazi hii mapema hawakushindwa na hesabu. Walishindwa na matayarisho ambayo hakuna aliyewaeleza, wakadhani kasoro ni ya akili zao.

Clojure yenyewe, lugha ya kutungia programu ifundishwayo katika warsha hizo, iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007, ni ya ukoo wa Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy mwaka 1958 huku akiazima alama kutoka hisabati ya Alonzo Church ya miaka ya 1930. Msingi wa Clojure ni fankisheni, yaani kanuni ipokeayo kitu na kurejesha jawabu, na ambayo, ikiwa safi, hurejesha jawabu lile lile kila ipewapo kitu kile kile. Shuleni tulizoea kuandika 3 + 4, alama ikiwa katikati; Clojure huandika (+ 3 4), na wengi huingiwa na hofu waonapo mabano hayo. Lakini Mswahili ana nini cha kuhofu, naye tangu utotoni husema "jumlisha 3 na 4", kitenzi kikitangulia? Hata namba zikizidi, (+ 3 4 5 10), kitenzi hubaki kimoja.

Linalotaka subira zaidi ni kwamba orodha ikishaundwa haibadilishwi. Lugha nyingi nyingine huitumia kumbukumbu ya kompyuta mithili ya ubao wa chuoni, unaoandikwa, ukafutwa, ukaandikwa tena. Clojure huitumia kama hati ya wino, ambayo mwenye kutaka kuirekebisha huandika hati nyingine. Ukiwa na orodha [10 20 30] na ukaamuru kila namba iongezwe 1, utapewa 11, 21 na 31, ilhali orodha ya asili imesalimika, wala mwanagenzi aliyekosea hana haja ya kutafuta ni amri ipi iliyoiharibu.

Maelezo hayo yote, hata hivyo, hayamfikii mtu kwa hotuba. Katika masomo ya ClojureBridge yumo kobe wa kuchora kwenye kioo cha kompyuta: mwanafunzi humwamuru aende mbele, apinde nyuzi 90, kisha arudie mpaka mraba ukamilike. Hapo ndipo amri zote hufungwa ndani ya fankisheni moja, ikapewa jina; na tangu dakika hiyo mwanafunzi hataji tena mbele wala nyuzi, hutaja mraba na ukubwa wake tu.